Nepia Imedumaa, Ng'ombe Amesusa: Kusoma Dalili za Malisho Kabla ya Kulaumu Mbegu

Simu nyingi huanza hivi: "Mzee, nyasi zangu zimeharibika." Ukiuliza zimeharibika vipi, unaambiwa zimeharibika tu. Wiki jana kijana mmoja aliniletea jani moja la nepia alilolikunja mfukoni, akitaka nimwambie linaugua nini. Jani moja, bila shina, bila mzizi, na limeshanyauka. Ni sawa na kumpelekea daktari ukucha wa mgonjwa.

Mimi hupanda na kuuza malisho kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Kwa miaka niliyoifanya kazi hii nimeona kwamba malalamiko yote yanarudi kwenye mambo machache, na mara nyingi hakuna ugonjwa wala mbegu mbovu. Kuna mtu aliyeitunza desmodiamu, mkunde unaotambaa, kana kwamba ni nepia, au aliyelisha kaliandra, mti wa jamii ya mikunde, kwa desturi ya lusene (alfalfa). Nyasi zina tabia zake, mikunde ina tabia zake, na ndani ya mikunde yenyewe kila mmoja na lake. Nimeyapanga maelezo haya kwa kufuata malalamiko jinsi ninavyoyasikia.

"Nilipanda Boma Rhodes, wiki tatu sasa, hakuna kitu"

Swali langu la kwanza ni hili: uliifukia kina gani?

Mbegu ya nyasi za Rhodes ni nyepesi na ina manyoya. Iweke kiganjani upulize, yote inapeperuka. Punje halisi iliyo ndani ya manyoya hayo ni ndogo mno, haina akiba ya chakula ya kulisukuma chipukizi kutoka chini kama punje ya mahindi. Inataka sentimita moja ya udongo, mbili zikizidi sana. Mwaka wangu wa kwanza niliichimbia mifereji kwa jembe, nikafukia vizuri, nikasubiri. Shamba lilibaki jekundu. Nyasi ziliota mahali pamoja tu: kwenye njia ya kuingilia, pale gunia lilipovuja na watoto wakapita wakikanyaga kwenda shule. Funzo lote la kupanda Rhodes lilikuwa limeandikwa kwenye ile njia: mbegu juujuu, udongo laini, halafu nyayo. Siku hizi ninaburuta tawi la miiba juu ya mbegu kisha nawaita watoto wakanyage.

Kama kina kilikuwa sawa, ichunguze mbegu yenyewe. Isugue kati ya viganja viwili mpaka manyoya yatoke, uangalie kilichobaki. Mbegu nyingi za Rhodes huwa ni maganda matupu, hasa ikiwa zilivunwa mapema. Kisha hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, ukifunike, na uhakikishe hakikauki. Rhodes iliyo hai huanza kuota ndani ya wiki moja. Zikiota 10, usiende kugombana na mwenye duka kabla hujamuuliza zilivunwa lini. Mbegu za nyasi nyingi, Rhodes na Brachiaria zikiwemo, hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa. Mbegu mpya kabisa inaweza kukataa kuota leo na ikaota vizuri msimu ujao. Mimi niliwahi kuimwaga debe zima la mbegu ya namna hiyo kwa hasira. Iliota kwenye jaa.

Sababu nyingine mbili hazina makuu. Sisimizi hubeba mbegu zikiwa juu ya ardhi, kwa hiyo panda mvua ikiwa imeshika ili ziote haraka kuliko wanavyobeba. Na wakati mwingine nyasi zimeota, ila kibarua wa palizi amezing'oa zote akidhani ni magugu. Usicheke. Rhodes changa na magugu ya nyasi vinafanana, na mtu aliyezoea kupalilia mahindi hawezi kuvitofautisha usipomwonyesha.

Kwa mikunde, tatizo la kutoota huwa ni ganda gumu. Mbegu za lusina, mti mwingine wa malisho, zitie kwenye maji ya moto sana yasiyochemka, kiasi cha nyuzi 80, kwa dakika tatu au nne, kisha uziloweke kwenye maji baridi usiku kucha. Kaliandra haihitaji moto: maji baridi kwa saa 48 yanatosha. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo kama ya wimbi, au hata kupita hapo. Ichanganye na mchanga mkavu ili isiangukie mahali pamoja.

"Nepia yangu imekuwa ya manjano na fupi"

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ndani ya kauli hiyo moja kuna njaa moja na magonjwa mawili, na tiba ya njaa haiponyi ugonjwa.

Kabla ya kuinamia shina lolote, simama mwanzo wa shamba ulitazame lote. Umanjano ukiwa umeenea sawasawa, kila shina limefifia kama lililo jirani yake, na majani ya chini ndiyo yaliyotangulia kukauka, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Nepia hukatwa ikabebwa. Kila mzigo unaotoka shambani unaondoka na naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na kama samadi hairudi kwa njia ileile shamba linafilisika kidogo kidogo. Kingo za majani ya zamani zikiwa kama zimeungua, shuku potasiamu. Weka samadi baada ya mkato, uifukie, na mvua ikiwepo utaona rangi inarudi ndani ya wiki mbili tatu.

Lakini ukiona shina moja limefifia huku yanayolizunguka ni ya kijani kibichi, sogea karibu, piga magoti, ulifungue kwa mikono. Shina lenye ugonjwa wa kudumaa lina machipukizi mengi kupita kiasi, membamba, yamebanana kama ufagio wa chelewa. Majani ni madogo na yamepauka. Pingili ni fupi. Pale ambapo nepia nzima ingekupa pingili ya urefu wa kiganja, hii inakupa ya urefu wa kidole. Tena hila ya ugonjwa huu ni kwamba hujificha mpaka ukate. Kabla ya panga shina lilikuwa zuri tu, likichipuka upya ndipo linatoka limevia. Kila mkato linazidi kusinyaa, na mwishowe linakufa.

Kinachousababisha ni fitoplazma, kimelea cha jamii ya bakteria ambacho hakina ukuta wa seli na huishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Kidudu kidogo cha kufyonza utomvu, Maiestas banda, ndicho hukihamisha kutoka shina hadi shina. Ugonjwa ulianza kuonekana huku kwetu magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, na ukatuhangaisha kweli. Hauna dawa ya kupuliza, na mbolea haiutibu. Shina lenye dalili ling'olewe na mizizi yote, lichomwe au lizikwe. Ukibakisha kisiki umebakiza ugonjwa.

Kidudu hicho hubebeshwa lawama zote, ila mimi ndiye niliyeupeleka ugonjwa ng'ambo ya mto. Mama mmoja alikuja kuomba mbegu, nikamfungia pingili mzigo mzima wa pikipiki. "Hizi ni safi kabisa, mama," nikamwambia, na kwa macho zilikuwa safi. Baada ya mkato wa pili alirudi na panga mkononi. Nilishtuka. "Sijaja kukukata, baba," akasema, "nimekuja unisaidie kung'oa." Tulishinda kutwa nzima tukichimba.

Tangu siku hiyo sikati pingili za kupanda kwenye shina ambalo sijaliona likichipuka angalau mara mbili baada ya kukatwa. Nakushauri ufanye vivyo hivyo, na ukinunua, usinunue kwenye mzigo uliofungwa tayari. Nenda shambani kwa muuzaji uangalie machipukizi mapya. Nepia iliyo ndefu na ya kupendeza haikuambii lolote. Ile iliyokatwa wiki tatu zilizopita ndiyo inayosema kweli.

Ugonjwa wa pili ni rahisi kuutambua. Nepia fupi inatoa suke kabla ya wakati wake, na suke lenyewe ni jeusi kama masizi ya sufuria. Lishike, unga mweusi unabaki vidoleni. Hiyo ni kuvu, Ustilago kamerunensis, iliyowasumbua sana wafugaji wa eneo la kati ya Kenya kuanzia miaka ya 1990. Unga huo hupeperushwa na upepo, husafiri na pingili za kupanda, na hata samadi ya ng'ombe aliyelishwa nepia yenye masizi inaweza kuurudisha shambani. Aina mbili, Kakamega 1 na Kakamega 2, zilitolewa na KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya (leo ni KALRO), kwa ajili ya kuvumilia masizi. Lakini kuvumilia masizi ni jambo moja na kuvumilia kudumaa ni jambo jingine. Nimekutana na watu waliopanda Kakamega 1 wakadhani wamejikinga na kila kitu.

Nepia inayokauka mapema tu kila kiangazi, bila dalili hizo, haiumwi. Imekosa maji. Hapo jaribu tumbukiza: shimo la sentimita 60 upana na 60 kina, ulijaze mchanganyiko wa udongo wa juu na samadi, uache kama sentimita 15 juu bila kujaza ili maji ya mvua yatuame, ndani yake upande pingili tano hadi kumi. Ni kazi ya mgongo, sikufichi. Asiyeiweza apande Brachiaria, ambayo mizizi yake huenda chini na huvumilia udongo wenye asidi. Ni nyasi ya Afrika, ikachukuliwa, ikaboreshwa Kolombia na Brazili, kisha ikarudi kwetu kwenye pakiti za bei kali.

"Hori limejaa, maziwa yanashuka"

Makosa mawili yanayopingana huleta lalamiko hili moja. Usiangalie unachoweka kwenye hori asubuhi. Angalia kilichobaki jioni.

Kikibaki ni vijiti vinene, vigumu, ambavyo ng'ombe amevichambua na kuvisukuma pembeni, umekata ukiwa umechelewa. Huku kwetu nepia inayolipita paa la jikoni ni fahari, na wageni wakipita barabarani husifu. Lakini kadiri inavyorefuka ndivyo shina linavyolizidi jani na protini inavyopungua. Nepia changa yenye urefu wa mita moja hivi huweza kuwa na protini ghafi ya asilimia 10 au zaidi. Ikikomaa inashuka chini ya 7. Hapo kwenye 7 ndipo mambo huharibika, kwa sababu vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe vinavyosaga nyuzi hukosa naitrojeni ya kuviwezesha kuzaana. Chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, tumbo linabaki limejaa, ng'ombe anaacha kula. Ukimwona ameshiba hujui kwamba ana njaa.

Mavi yake yatakwambia. Yakisimama magumu yamepangana kama sahani zilizorundikwa, nyuzi ni nyingi na protini ni haba. Yakitandaa kama uji unaoruka ukidondoka, umeangukia upande wa pili, wa nyasi changa zenye maji mengi.

Upande huo wa pili watu wengi hawauamini, kwa hiyo tuhesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kila siku chakula kikavu cha takriban asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12. Nepia changa ya katikati ya mvua ndefu inaweza kuwa na asilimia 15 tu ya uzito mkavu. Kinachobaki ni maji. Ili apate zile kilo 12, inabidi ale kilo 80 za nepia mbichi. Mzigo wa kichwani ukiwa kilo 25, hiyo ni mizigo mitatu na kitu, kwa ng'ombe mmoja, kila siku. Ni nani anayebeba hivyo? Wengi hubeba miwili, ng'ombe akipata unafuu wa mmoja na nusu baada ya mbuzi kupita hapo. Suluhisho ni kuikata leo ile ya kesho: iache inyauke nusu siku au usiku mmoja kabla ya kulisha, halafu uchanganye na hei au mabua makavu yaliyokatwakatwa.

Mkato wa kwanza wa nepia hufika miezi mitatu au minne baada ya kupanda, kisha kila wiki sita hadi nane kutegemea mvua. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Katakata vipande vya sentimita mbili hadi tano ili ng'ombe asipate nafasi ya kuchambua.

Kama vyote hivyo viko sawa na maziwa bado hayapandi, kilichokosekana ni mikunde. Nyasi peke yake, hata ikatwe kwa wakati, humfikisha ng'ombe mahali fulani tu. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani; majaribio ya mashambani kule Embu yalionyesha hivyo, na kwenye zizi langu mwenyewe sikuona tofauti yoyote isipokuwa kwenye deni la dukani. Kumlisha ng'ombe mmoja kilo 6 kwa siku mwaka mzima unahitaji miti kama 500. Inasikika mingi, lakini ikipandwa kama ua na kwenye kingo za matuta haiili shamba.

"Desmodiamu ilikuwepo, sasa siioni"

Imemezwa. Desmodiamu ni mvivu wa kuanza. Miezi miwili au mitatu ya kwanza inakaa chini ikijenga mizizi, na magugu hayaisubiri. Usipoipalilia wakati huo kwa mkono, usirudi kulalamika. Ikishatambaa ndiyo inayoyafunika magugu, tena yenyewe inawakomesha wengine: mizizi yake huliotesha gugu la striga, ile inayoitwa kayongo huku ziwani na kiduha kwa wenzetu wa Tanzania, halafu inaiacha ife bila kupata mzizi wa mahindi wa kunyonya. Mtindo wa sukuma-vuta uliobuniwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita unaitumia tabia hiyo, desmodiamu ikiwa kati ya mistari ya mahindi na nepia au Brachiaria ikizunguka shamba.

Kosa la pili ni panga. Nepia huchipuka kutoka chini ardhini, kwa hiyo kuikata chini hakuiumizi sana. Machipukizi ya desmodiamu yako kwenye shina lenyewe, juu ya ardhi. Ukiipitishia panga usawa wa nepia umekata vichwa vyote. Iachie angalau sentimita 10, ibaki na majani kadhaa.

Ikiwa mikunde ipo lakini imepauka na haikui, chimba. Usivute, kwa sababu ukivuta, vinundu vya kwenye mizizi vinabaki udongoni. Chimba mche mmoja na bonge lake la udongo, uloweke kwenye ndoo, uoshe polepole, utazame mizizi. Chukua kinundu kimoja ukipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu kama nyama mbichi, bakteria wa raizobia wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani, kipo kwa jina tu. Kama hakuna vinundu kabisa, ama bakteria wanaofaa hawapo kwenye udongo wako, ama udongo una asidi nyingi au fosforasi kidogo. Hapo kuweka urea ni kuficha tatizo: mkunde utageuka kijani kwa muda na kuacha kabisa kuhangaika na vinundu.

Lusene ndiyo yenye madeko kuliko wote. Inataka raizobia wake maalum na udongo usio na asidi, pH 6 kwenda juu, na haipendi maji yaliyotuama. Ukipanda kwa mara ya kwanza changanya mbegu na bakteria wanaouzwa kwa ajili yake, kivulini, siku ileile ya kupanda. Na tafadhali, lusene na lusina ni vitu viwili. Lusene ni mmea mfupi wa kukatwa kama mboga, wengine huuita alfalfa. Lusina ni mti. Nimeshuhudia mtu akitoka dukani na pakiti ya kimoja akidhani amenunua kingine, naye muuzaji akimsaidia kupotea.

Lusina yenyewe vichomozo vikijikunja na kunata, vikiwa na wadudu wadogo wa manjano-kijani na baadaye utando mweusi, ni yule chawa wake, Heteropsylla cubana, aliyeingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kawaida haui mti mkubwa. Kata matawi yaliyoathirika ulishe mifugo, mti utachipua.

"Ananusa, anageuza kichwa"

Uliza ni jani gani na lilikatwa lini, kwa sababu mikunde mitatu inataka mambo matatu tofauti. Kaliandra ilishwe mbichi, muda mfupi baada ya kukatwa. Ikinyauka, tanini zake, yaani kemikali kama zile za majani ya chai, huishika protini na usagaji hupungua. Gliricidia ina harufu inayowakera ng'ombe wasioizoea, kwa hiyo hiyo inyaushwe kwanza, na siku za mwanzo uichanganye kidogo kidogo na nyasi. Lusene nayo inyaushwe, ila kwa sababu nyingine kabisa, nayo ndiyo hii inayofuata.

Dalili zinapotokea kwa mnyama

Tumbo la kushoto limevimba kama ngoma, ng'ombe anahema, anapiga teke tumboni: amekula lusene mbichi yenye umande, akiwa na njaa. Povu limefunga gesi tumboni. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa mahali pa juu, mpigie daktari wa mifugo simu papo hapo, na ukiwa unamsubiri mnyweshe robo hadi nusu lita ya mafuta ya kupikia, taratibu, kichwa kisiinuliwe sana asije akapaliwa. Siku nyingine mpe nyasi kavu kwanza, lusene iliyonyauka baadaye. Desmodiamu na kaliandra hazina hatari hiyo. Tanini zilezile tunazozilaumu ndizo huzuia povu.

Manyoya yananyonyoka, hasa mkiani, udenda unatoka, ndama anazaliwa na rovu: lusina imezidi. Ina sumu iitwayo mimosini. Isipite asilimia 30 ya chakula cha ng'ombe au mbuzi, na punda, nguruwe na sungura wapewe kidogo sana au wasipewe. Kuna mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliyeshangaa kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lusina bila madhara, akagundua matumboni mwao bakteria wanaovunja sumu hiyo. Bakteria hao sasa wana jina lake, Synergistes jonesii. Usijaribu bahati kwa kudhani mbuzi wako wanao.

Ng'ombe aliyezaa juzi ameanguka hawezi kusimama, na chakula chake kikuu ni setaria. Nyasi hii ina oksalati zinazoshika kalsiamu, na aina ya Kazungula inazo nyingi kuliko Nandi. Daktari atamtundikia kalsiamu. Wewe changanya setaria na malisho mengine.

Kondoo masikio na uso vimevimba, ngozi inababuka, anatafuta kivuli: kama amekuwa kwenye Brachiaria, hasa decumbens, muondoe humo na umweke gizani mchana.

La mwisho ni lile ambalo simu yake huja kwa kilio. Ng'ombe alivunja ua akaingia kwenye mtama mchanga uliochipuka baada ya ukame, na katika dakika chache amekufa. Hiyo ni sianidi. Damu yake huwa nyekundu inayong'aa kuliko kawaida. Ikiwa damu ina rangi ya kahawia kama chokoleti, ni naitreti, ambayo hujikusanya kwenye nyasi zilizowekewa mbolea nyingi kisha zikapigwa na ukame. Tofauti ina maana kwako: mtama ukikaushwa vizuri kuwa hei sianidi hupungua, lakini naitreti hukaa humohumo kwenye hei miezi na miezi. Usilishe mtama mbichi ulio chini ya sentimita 60, wala machipukizi yanayofuata ukame, wala usimwingize humo ng'ombe mwenye njaa. Daktari akifika mnyama akiwa bado anapumua anaweza kumwokoa, kwa hiyo piga simu kabla ya kuita majirani waje kushangaa.

Na ukija kwangu, au kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, usije na jani mfukoni. Ng'oa shina moja linaloumwa na moja zima lililo karibu nalo, yote na mizizi na udongo wake, uyatie kwenye gunia lililofungwa ili usiwaangushe wale wadudu njiani. Kumbuka tarehe ya mkato wa mwisho na mahali ulipopata pingili. Kama shida iko kwa ng'ombe, leta kiganja kimoja cha kilichobaki kwenye hori. Mavi usilete. Piga picha.